Watoto Wote Popote Walipo

Juzi binti yangu alinisomea habari ya msiba kwenye simu yake. Ilikuwa mistari miwili: nani kafariki, anazikwa wapi, saa ngapi, basi. Chini yake watu walikuwa wanabandika vialama vya machozi, mmoja baada ya mwingine, na wengine wakiulizana kama ni kweli. Akaniambia, "Mama, siku hizi dunia nzima inapata habari kwa dakika moja. Nyie zamani sijui mlikuwaga mnaishije." Nilitaka kumjibu vibaya, nikajizuia. Anadhani ufundi wa kulibana jambo kubwa katika mistari miwili umeanza na mtandao wake. Mimi nilikuwa bingwa wa kazi hiyo mtaani kwetu Temeke wakati yeye hajazaliwa, na kazi hiyohiyo ndiyo iliyonikosesha kaka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani. Baba naye alikuwa nyumbani, kapunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi viwanda vya serikali vilipoanza kutafutiwa wanunuzi. Maduka yalijaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni toka alfajiri: sabuni, sukari, khanga mpya, redio za kaseti kutoka Dubai. Vitu vilikuwepo, kazi hazikuwepo. Nilichokuwa nacho ni mwandiko mzuri na kipaji cha kufupisha maneno.

Simu mtaani kwetu ilikuwa moja, kwenye nyumba ya mganga wa zahanati, na ilifungwa kufuli. Ukitaka kumpata ndugu wa mkoani haraka ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza telegramu, ambayo kila neno lina bei yake. Ya pili tangazo la redio, hasa tangazo la kifo, ambalo lilisomwa mchana na jioni, na kila nyumba ilinyamaza kusikiliza. Fomu ya tangazo ilikuwa na mistari minane, hakuna kuongeza. Unaandika jina la marehemu, mahali alipofia, siku na saa ya mazishi, halafu yanakuja yale maneno ambayo kila mtu wa umri wangu anayajua: habari ziwafikie. Hapo ndipo majina ya ndugu yalipoanza, na hapo ndipo watu walipokwama.

Walikuja kwangu na karatasi mbili za daftari zilizojaa. Mimi nakata. "Kwa masikitiko makubwa," nakata, kifo chenyewe kinasikitisha. "Aliyeugua kwa muda mrefu na kuhangaikiwa na wanawe," nakata, walioko mbali hayawasaidii kupanda basi. Shemeji watatu wa kijiji kimoja nawafunga pamoja kwa jina la kijiji. Mwisho napata mistari minane safi, na ninawasomea kwa sauti ya mtangazaji, wananiangalia kama nimefanya kiinimacho.

Siwezi kusema kazi ile haikuwa na faida. Mama mmoja wa nyuma ya soko alifiwa na mumewe, na mwanawe alikuwa askari Songea. Tangazo lilisomwa mchana, kesho yake kijana kaingia kabla jeneza halijatoka, viatu vimejaa vumbi. Yule mama alinishika mikono yote miwili akalia. Nani angeweza kumfikia mtoto wa Songea kwa siku moja, kama si redio? Tangu siku ile nilivimba kichwa. Watu wakaniita fundi, nami nikaanza kuwadharau wanaosema maneno mengi.

Kaka yangu alikuwa mtoto wa kwanza wa baba, kwa mke aliyeachana naye Kilosa kabla hajaja Dar kumwoa mama yangu. Mama alizaa mabinti watupu, watatu, mimi nikiwa mkubwa. Kwa hiyo mtoto wa kiume wa baba alikuwa huyo mmoja. Alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge hukohuko Kilosa. Kila Idi kubwa alikuja na mchele na kuku wawili waliofungwa miguu, akakaa na mimi barazani, akadai madaftari yangu ya shule na kuyasoma yote, mpaka jiografia. Mama alimwita mwanangu, lakini chai alimtilia kwenye vikombe vya wageni. Kaka aliona na hakusema. Siku moja tu aliniambia, "Humu ndani mie nakujia wewe na mzee." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sijawahi kusahau fahari niliyoisikia.

Baba alifariki Alhamisi alfajiri. Ilikuwa presha. Ilipofika saa mbili asubuhi majamvi yalikuwa yametandikwa, na baba mkubwa, kaka yake marehemu, ameshika usukani wa msiba. Wapo waliotaka tuzike siku hiyohiyo alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Baba mkubwa akakataa. "Tutazika kesho saa kumi," akasema, "ili mtoto wa Kilosa awahi." Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Kisha akaniita. "Haya, fundi. Leo ni la kwako. Andika."

Rasimu ya kwanza ilitoka mistari kumi na mitatu. Shangazi wa Bagamoyo alikuwemo, wazee wa Kisarawe walikuwemo, imamu mmoja wa Kilwa aliyesoma chuo na baba alikuwemo. Mjomba wa Rufiji, kaka yake mama, alikuwa amekaa mbele yangu na kikombe cha kahawa mkononi. Tangu juzi yake yuko kwetu, na bado alitaka jina lake liandikwe.

"Mjomba," nikamwambia, "si ushapata habari?"

Alinitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, watu wa Rufiji wakisikia sikutajwa, watasema mie si lolote si chochote kwenu. Niandike."

Nikamwandika. Somo lote lilikuwa pale, limewekwa mbele ya macho yangu na mtu mwenye kikombe cha kahawa, na fundi mzima sikulielewa. Jina kwenye tangazo la kifo halikuwa kwa ajili ya kupashwa habari tu. Lilikuwa ni kutambuliwa mbele ya nchi nzima kwamba huyu aliyekufa ni wako.

Nikakata, nikafunga, nikabana, nikabakiwa na mstari mmoja na nusu. Baba mkubwa akakumbuka kiwanda alichofanyia kazi baba. "Weka meneja na wafanyakazi wote," akasema. "Wamemtoa mtu kazini kwa barua ya mistari mitatu, na kawatumikia ujana wake wote. Wasikie. Na watoe lori la kupeleka watu makaburini." Maneno hayo yalikula mstari mzima. Iliyobaki ni nusu. Jina la kaka, pamoja na jina la shamba na Kilosa yake, halikuenea. Ama yeye, ama meneja.

Nikaandika: na watoto wote popote walipo.

Niliyasoma kwa sauti. Mama, ambaye alikuwa ameshaingia eda, akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Hapo sawa. Watoto wote wamo." Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali, akageukia mambo ya sanda. Labda yeye hakuona. Mimi niliona. Nikajiambia kaka ni mtu mwelewa, mtoto hahitaji kuitwa kwenye msiba wa baba yake. Na kwa nini nifiche, niliipenda ile sentensi. Maneno manne yamebeba watu wanne. Watatu kati yao walikuwa ndani ya nyumba ileile wanalia, hawakuhitaji tangazo lolote, na nikamchanganya nao yule mmoja aliyelihitaji.

Nilipeleka fomu redioni mwenyewe. Karani alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, akasema, "Wewe dada unaijua kazi." Nilirudi Temeke nimebeba sifa hiyo, siku ambayo baba yangu amelala chumbani amefunikwa shuka. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mchana redio ikawekwa dirishani, watu wakasogea. Jina la baba lilipotajwa wanawake walipasuka kulia, wakanyamazishwa ili majina yasikike. Kila aliyetajwa alipata kilio chake. Mjomba wa Rufiji, kusikia habari zimfikie, aliweka kikombe chini akalia kwa uchungu, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Mwisho yakaja maneno yangu: na watoto wote popote walipo. Hakuna aliyelia. Msomaji akameza mate akaendelea na maiti mwingine, wa Mbeya, habari zimfikie mwanawe wa kwanza fulani bin fulani, fundi seremala, wa mtaa fulani, nyumba iliyo karibu na mashine ya kusaga. Huyo alitafutwa mpaka mlangoni.

Nilirudi kwa karani mbio. Aliniambia kwa upole kabisa kwamba tangazo la jioni lilishapangwa, na jipya lingesomwa kesho mchana. Kesho mchana basi la kutoka Kilosa lingekuwa limeshaondoka. Telegramu nayo ilikuwa inachukua siku mbili kufika mashambani. Nilisimama pale kaunta nikitafuta njia ya tatu, na haikuwepo. Yale niliyoyasema nchi nzima imeyasikia, na mimi sikuwa na mlango wa kuingilia nikasema hapana, subirini, sivyo nilivyomaanisha.

Ijumaa nilikaa karibu na dirisha toka saa sita. Kila mtu aliyekuja na begi nilimfikiria ni yeye. Saa kumi kasorobo nilikwenda kwa baba mkubwa, nikamwomba wasubiri nusu saa. "Mwanangu, tumeshamsubirisha maiti siku nzima," akasema. "Angekuwa anakuja angekuwa keshafika." Meneja hakuja, lori halikuja, wanaume wakabeba jeneza mabegani wakaondoka kwa miguu. Sisi wanawake hatwendi makaburini, tukabaki kwenye majamvi. Baadaye niliambiwa ilipofika wakati wa kuingia kaburini kumpokea maiti, waliangaliana wakitafuta mtoto wa kiume, na mwishowe akaingia binamu.

Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, alikuja mtu mmoja na gunia dogo la mchele. Alijitambulisha kuwa anafanya kazi na kaka Kilosa, na kwamba ametumwa alete rambirambi. Nilimkalisha pembeni, nikamuuliza mwenzake yuko wapi, mgonjwa?

"Mzima," akasema. Akawa anatazama vidole vya miguu yake. "Dada, sie tulikuwa kantini wote, redio iko wazi. Alipotajwa mzee, yeye alisimama palepale akamwomba msimamizi ruhusa, akapewa. Tukaanza kumpa pole. Halafu majina yakaanza, tukanyamaza tusikie lake, maana sie sote tunajua yeye ndo mkubwa, na mzee mwenyewe tunamjua kwa maneno yake. Majina yakaisha. Akakaa."

"Akasemaje?"

"Jioni akarudi tena kusikiliza, akidhani labda mchana msomaji karuka mstari. Likasomwa vilevile. Ndo akasema, 'Mie si mtu wa popote. Mie niko Kilosa, na barua zangu wanazipata.' Alishafunga begi. Akalifungua. Asubuhi kaja kazini kama kawaida."

Nilikwenda uani nikalia kilio ambacho sikukilia baba alipokata roho. Nilimchukia mama na pazia lake, nikamchukia baba mkubwa na lori lake, nikaichukia zaidi akili yangu. Maana tangazo lilifanya kazi yake yote. Habari ilimfikia kaka siku ileile, saa ileile, haikupotea hata neno. Alijua nani amekufa, anazikwa lini na wapi, na alikuwa na muda wa kutosha kufika. Kisichoenea kwenye mistari minane ni kwamba alikuwa akisubiriwa, kwamba mazishi yenyewe yamesogezwa kwa ajili yake. Na alifedheheka mbele ya wenzake wote wa kantini, halafu mimi nikabaki na bahasha na stempu za kumwomba radhi faraghani.

Nilimwandikia barua tatu. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tisa, mimi niliyekuwa nacheka watu wa kurasa mbili. Nilimweleza kila kitu, mpaka kikombe cha kahawa cha mjomba. Hazikujibiwa. Mama alisema, "Mwache, atapoa." Kuanzia hapo sikumwandikia mtu tangazo tena. Wakija nawaambia mkono unauma.

Mwaka uliofuata niliposwa na mwalimu mmoja wa Mbagala, mtu mpole, anayenipenda. Shehe wa mtaa akatukumbusha sheria. Baba hayupo, babu hayupo, walii wa kuniozesha ni kaka wa kwa baba. Baba mkubwa hawezi kumtangulia wakati kaka yu hai, mtu mzima, na anajulikana aliko, isipokuwa kwa ruhusa yake. Mama alinuna, akasema mambo ya Kilosa hayaishi. Mimi nilifurahi. Niliona Mungu amenifungulia mlango, kwamba sasa atakuja, atakaa mbele ya watu wote, na shehe atalitaja jina lake.

Nikapanda basi. Kaka alinipokea vizuri mno, kwa namna iliyoniuma. Mkewe alipika, watoto wake wakaniamkia shikamoo shangazi mmoja baada ya mwingine, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimchorea fomu kwenye karatasi, mistari yote minane. Aliitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiyatazama madaftari yangu.

"Nafasi yangu ulimpa nani?" akauliza.

"Meneja wa kiwanda."

"Alikuja kuzika?"

"Hakuja, kaka."

Akaikunja ile karatasi mara mbili, akanirudishia. "Nimekuelewa. Mie sina ugomvi na wewe. Niambie siku ya ndoa, na jina la shehe na mtaa wake, nitaleta jibu." Nilimshika miguu, akaniinua. Alinisindikiza mpaka kwenye basi na kuniwekea mfuko wa machungwa mapajani. Njia nzima nilikuwa napanga atalala chumba gani. Nilipofika mjini nilimnunulia kanzu na kofia mpya ya kiua, kwa kukisia vipimo vya mabega yake.

Siku ya ndoa ilikuwa Jumapili. Watu wa bwana harusi walikuwa wameshakaa barazani, mimi niko ndani nimefunikwa ushungi mwekundu, hina imenikauka mikononi, na kila mlango ukilia nanyanyua kichwa. Kanzu ilikuwa kitandani kando yangu, imepigwa pasi. Aliyeingia barazani alikuwa shehe, nikamwona kwa upenyo wa pazia, ameshika karatasi ndogo ya posta, telegramu. Alisema ilimfikia jana jioni, na amengoja watu wakusanyike ili aisome mbele ya mashahidi. Akaisoma.

NIMERIDHIA. SHEHE AMWOZESHE.

Baba mkubwa akauliza, kwa wasiwasi, kama hiyo inatosha. Shehe aliigeuza karatasi, akalitazama jina la mpelekaji, akasema imetosha kabisa kisheria, hakuna kinachopungua. Nikaomba nami niione. Niliitafuta salamu, sikuiona. Nilitafuta jina langu, nikatafuta neno dada. Maneno yalikuwa matatu, na mimi ni fundi, najua nisingeweza kupunguza hata moja.

Shehe akaja mpaka kwenye pazia kuniuliza kama nami nimeridhia. Niliitikia kwa sauti kubwa, mara tatu kama alivyotaka, huku nalia mpaka wanja unanichuruzika mashavuni. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi harusi hutakiwa alie, na wote walisema siku ile nililia vizuri.